Kabla Hujaifuata Riba, Mdogo Wangu

Swali mnaloniletea siku hizi ni moja, hata kama kila mmoja analiuliza kwa namna yake: "Dada, niweke wapi akiba yangu kwa njia ya simu nipate riba nzuri?" Anauliza mwalimu wa shule ya msingi Singida, anauliza binti anayeuza vipodozi Instagram, anauliza mwanachuo wa Mwanza aliyebakiza kidogo kwenye boom lake, ile pesa ya kujikimu chuoni. Leo tukae tuliongee kwa kirefu, maana jibu la mstari mmoja lingewapotosha.

Kufungua akaunti yenyewe siku hizi si kazi. Ukiwa na namba ya NIDA na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, benki nyingi kubwa zinakufungulia kupitia programu yao au menyu ya kawaida ya simu, bila kupanga foleni. Tumetoka mbali. M-Pesa iliingia Tanzania 2008. Mwaka 2014 M-Pawa ikawaonyesha wengi kuwa pesa ya kwenye simu inaweza kuwekwa ikazaa riba, na mwaka huohuo Tigo Pesa, ambayo leo ni Mixx by Yas, ikaanza kuwagawia wateja faida ya pesa zao zilizohifadhiwa benki. Njia zipo nyingi. Kinachotuponza ni kuchagua kwa kuangalia tarakimu iliyoandikwa kubwa kwenye tangazo.

Basi tuziangalie hizo tarakimu. Benki Kuu ya Tanzania hutoa taarifa ya uchumi kila mwezi, na humo kuna wastani wa riba ambazo benki zinawalipa wateja wao. Katika miaka hii ya karibuni, wastani wa akaunti za kawaida za akiba umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka. Amana ya muda maalumu ya mwaka mmoja, ile wengi tunaiita fiksi, imekuwa kwenye asilimia 8 au 9. Halafu kuna riba ya mapatano, wanayopewa wenye pesa nyingi wanaokaa mezani na meneja, nayo imekuwa ikivuka asilimia 10. Nawatajia haya mpate kipimo. Mtu akikuahidi asilimia 7 kwa mwaka kwenye akaunti unayoweza kutoa pesa siku yoyote, anakupa kitu kizuri, na una haki ya kumuuliza maswali mengi. Akikuahidi asilimia 7 kwa mwezi, kata simu.

Sasa chukua milioni moja uiache mwaka mzima kwenye akaunti ya asilimia 3. Itazaa 30,000. Kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ya riba, yaani 3,000, ambayo benki inaikata kabla hujaiona. Umebaki na 27,000. Kama akaunti hiyo ina makato ya uendeshaji ya 1,500 kwa mwezi, mwaka unaisha yameshakula 18,000. Mkononi una 9,000 tu. Na mfumuko wa bei mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo vitu vya milioni moja vilihitaji kama 1,030,000 mwaka ulipozunguka. Salio limepanda, lakini uwezo wa pesa yako sokoni umeshuka. Milioni hiyohiyo ukiiweka kwenye amana ya asilimia 9 isiyo na makato, baada ya kodi inakuachia 81,000.

Ndiyo maana nasema, ukiongea na benki omba jibu kwa shilingi. Mwambie: nikiweka kiasi hiki leo nisiguse, tarehe kama ya leo mwakani nitakuta shilingi ngapi baada ya kodi na makato yote? Usione aibu kumwambia akuandikie. Yule dada wa huduma kwa wateja hiyo ndiyo kazi yake, na wewe ndiye unayeleta pesa.

Kuna jambo jingine la hesabu ambalo matangazo hayawezi kukuambia. Kama unaweka kidogo kidogo, riba haina nguvu sana mwanzoni. Tuseme unaweka 50,000 kila mwanzo wa mwezi kwa miezi kumi na miwili. Umeweka laki sita. Kwa riba ya asilimia 3 utapata kama 8,800 baada ya kodi, na kwa asilimia 9 utapata kama 26,300. Tofauti ipo, siikatai. Lakini ukijibana ukaweka 55,000 badala ya 50,000, mwisho wa mwaka una 60,000 zaidi, na hizo hazitegemei benki yoyote. Kwa hiyo wewe unayeanza, usimalize miezi mitatu ukilinganisha akaunti tano wakati hujaweka hata shilingi. Chagua iliyo salama na isiyo na makato mengi, anza, na hiyo hamu ya riba kubwa itakuja kukufaa ukishafikisha milioni kadhaa.

Tukija kwenye masharti, hapa nawaomba mtulie, maana ndiko pesa za watu zinakopotelea bila kelele. Benki mbili zinaweza kutangaza riba ileile na zikakulipa tofauti kabisa, kwa sababu moja inahesabu riba kwa salio la kila siku na nyingine kwa salio la chini kabisa la mwezi. Una 800,000 kwenye akaunti tangu tarehe mosi. Tarehe 27 mgonjwa kazidiwa, unatoa 700,000. Tarehe 29 ndugu wamechangishana, unairudisha yote. Anayehesabu kila siku atakulipa riba ya mwezi karibu wote kwa laki nane. Anayeangalia salio la chini atakulipa riba ya laki moja, kana kwamba mwezi mzima ulikuwa na hiyo tu. Hujaibiwa, ulikubali vigezo na masharti. Kwa hiyo uliza: riba inahesabiwa kwa salio lipi, na inaingia lini, kila mwezi, kila robo mwaka au mwisho wa mwaka? Uliza pia ukitoa pesa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja kinatokea nini, maana zipo akaunti za malengo zinazokunyima riba ya kipindi chote kwa kutoa mara moja tu zaidi ya zilizoruhusiwa.

Na ngazi. Tangazo likisema riba ni hadi asilimia 10, tafuta ngazi yako wewe. Mara nyingi ile ya juu ni ya mwenye mamilioni mengi aliyekubali kufunga pesa kwa miaka, na mwenye laki tatu anaambulia asilimia 2. Jedwali hilo lipo, wanalo, ila huwa halikai kwenye bango la barabarani.

Sasa ile pesa yako si ya aina moja, na hapo ndipo wengi mnapochanganya. Kuna pesa ya dharura, yaani homa ya usiku, msiba Bukoba na nauli ya ghafla. Hii iache kwenye akaunti unayoifikia saa yoyote hata kama riba yake ni ndogo. Kazi yake ni kupatikana. Ikitimia matumizi ya miezi mitatu, mimi naridhika, ingawa mwenye biashara ya msimu ningependa afikishe sita. Halafu kuna pesa yenye tarehe, na mfano mzuri kuliko yote kwa sisi wapangaji ni kodi ya nyumba. Mwenye nyumba Dar es Salaam anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kama kodi ni 200,000 kwa mwezi, kila nusu mwaka unatafuta 1,200,000 ya pamoja. Wengi tunaikusanya kwenye M-Pesa, inachanganyika na ya mboga na vocha, na mwezi wa tano tunaanza kukopa.

Fanya hivi. Ya kodi iwe na akaunti yake, tofauti kabisa na unayolipia mahitaji. Uiagize benki ikate 200,000 yenyewe siku mshahara unapoingia, kabla wewe hujaiona. Na ukibahatika kuwa na fungu kubwa tayari, labda umelipwa malimbikizo au umeuza kiwanja, hapo ndipo amana ya muda maalumu inapoleta maana, kwa sababu tarehe ya kuitumia unaijua. Ila angalia kalenda vizuri. Ukiweka amana ya miezi sita tarehe 10 Januari, inaiva tarehe 10 Julai. Kama mwenye nyumba anataka pesa yake tarehe 5, utaivunja siku tano kabla na huenda ukapoteza riba yote uliyoisubiri. Weka ya miezi mitatu kisha uiongeze kwa kipindi kifupi zaidi, au anza mapema. Uliza vilevile amana ikishaiva inakwenda wapi. Benki nyingi huiweka upya kwa kipindi kingine moja kwa moja kama hujaagiza irudi kwenye akaunti yako. Kuna watu wamekwenda kuchukua ada ya mtoto wakaambiwa pesa imefungwa tena mpaka Aprili.

Sasa usalama, na katika hili sitabembeleza mtu. Tanzania tuna Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifa, bodi hiyo inamlipa kila mteja mpaka kikomo fulani. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa 1,500,000, na 2023 kikapandishwa kuwa 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Msidhani benki hazifi. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant ya wanawake, Efatha, Njombe, Kagera Farmers na Meru. Hizo zilikuwa benki za watu wa kawaida, wakulima na akina mama. Aliyekuwa na milioni moja humo alikuwa ndani ya kinga ya wakati ule. Aliyekuwa na milioni nane, zaidi ya ile moja na nusu ilibidi asubiri ufilisi, apate kitakachopatikana. Ukishavuka milioni saba na nusu, basi, gawanya. Nusu benki hii, nusu ile, hata kama moja inalipa riba pungufu kidogo.

Bima hiyo ni ya benki na taasisi zilizopewa leseni ya kupokea amana. Haimgusi kijana aliyekutumia kiungo WhatsApp. Mwisho wa mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, nyingine zikiwa na nembo nzuri kuliko za benki. Aliyetengeneza programu ya kukopesha bila leseni hashindwi kutengeneza ya kupokea akiba. Kabla hujaweka hata elfu kumi, fungua tovuti ya Benki Kuu utafute jina la taasisi hiyo kwenye orodha ya wenye leseni. Ni kazi ya dakika tano. Jina liwe lilelile kwa herufi, siyo linalofanana. Na programu uipakue kwenye duka rasmi la simu yako, si faili ulilotumiwa na rafiki.

Mnaikumbuka DECI? Wanaoikumbuka watanielewa. Watu walipeleka pesa kwa lugha ya kupanda na kuvuna, wa kwanza wakavuna kweli, wakawaita ndugu zao, na 2009 serikali ilipoisimamisha maelfu walikuwa bado na mbegu zao humo. Siku hizi mchezo huo umehamia kwenye simu: unaambiwa utazame video, uweke kiasi, upate asilimia fulani kwa siku. Sura ni mpya, hesabu ni ileile, anayeingia leo ndiye anayemlipa aliyeingia jana. Benki Kuu yenyewe ilianza kutumia riba yake ya kuongoza soko Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha mpaka 6 mwezi Aprili, ikaishusha mpaka 5.75 Julai 2025, na hizo ni za mwaka mzima. Sasa mtu asiyejulikana ofisi yake atakulipaje asilimia 2 kila siku?

Wengine mmeniuliza kuhusu UTT. Hiyo siyo akaunti ya benki, ni taasisi inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande, pesa za wengi zinakusanywa na kuwekwa kwenye hati fungani za serikali, amana za benki na, kwa baadhi ya mifuko, hisa. Mfuko wa Umoja ndio wa kwanza, tangu 2005. Wenye lengo la karibu wengi huangalia Mfuko wa Ukwasi, ulioanzishwa 2013, ambao ukitaka kuuza vipande unasubiri siku chache za kazi pesa ifike. Faida yake imekuwa ikiipita mbali riba ya akaunti ya kawaida ya akiba, na unaweza kununua kwa simu. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mimi naupenda kwa pesa ambayo huihitaji leo wala kesho. Lakini mjue mambo mawili: Bima ya Amana haiuhusu, na faida ya mwaka uliopita si ahadi ya mwaka ujao. Pesa ya dharura ibaki benki.

Kwa wadogo zangu Waislamu mnaonong'ona kwamba mngependa kuweka lakini hamtaki riba: hamjafungiwa nje. Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, NBC ina La Riba, CRDB ilileta Al Barakah 2021, na zipo nyingine. Kwenye akaunti za mudharaba benki inaifanyia biashara pesa yako na mnagawana faida kwa uwiano mliokubaliana. Maswali ni yaleyale: uwiano ni upi, makato ni mangapi, faida inagawiwa lini? Uliza pia miezi iliyopita waligawa kiasi gani halisi, wakuonyeshe.

Wakenya nao wamo humu. Kwenu kodi ya zuio kwenye riba ni asilimia 15, na kinga ya amana ni shilingi 500,000 za Kenya tangu 2020. Wengi wenu mmehamia kwenye mifuko ya soko la fedha, nami siwalaumu, lakini nayo kinga hiyo haiihusu. Mengine mengi niliyosema yanawahusu vilevile.

Nirudi kwenye jambo linaloniumiza. Kuna binti ana 400,000 kwenye akiba ya simu, anajivunia, na wakati huohuo anadaiwa 300,000 ya mkopo wa simu unaotozwa asilimia 9 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja mkopo unamla 27,000. Akiba yake haitazaa hata nusu ya hiyo kwa mwaka mzima. Mdogo wangu, toa, lipa deni leo, baki na laki moja, anza upya. Huduma nyingi za akiba za simu zimeunganishwa na mikopo, yaani unavyoweka zaidi ndivyo unavyoruhusiwa kukopa zaidi, na kitufe cha kukopa kiko karibu sana na cha kuweka. Mimi ningependa akiba yako ikae mahali ambapo hukopi. Kuhusu kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, sina la kuongeza, ila kwamba hakuna akaunti duniani itakayokulipa riba ya kushindana na ile.

Vikoba msiviache. Najua baadhi yenu mkishapata programu ya benki mnaona kikao cha Jumamosi ni cha mama zetu. Kikoba kinakulazimisha kuweka kwa sababu wenzako wanakusubiri, na mfuko wa jamii unakuzikia ndugu bila riba. Akaunti haiji msibani. Ila daftari na sanduku lenye kufuli tatu vimeshapitwa na wakati kwa vikundi vyenye pesa nyingi. Hamieni kwenye akaunti ya kikundi ya benki au huduma kama M-Koba, ambapo kila mwanachama anaona pesa ikiingia na mweka hazina hawezi kutoa peke yake. Na kikundi kisajiliwe halmashauri, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka hivyo.

Sasa simu yenyewe. Akaunti yako imekaa juu ya laini, kwa hiyo anayeishika laini anaishika akiba. Leo hii, ukimaliza kusoma, piga *106# uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wakaifute. Laini unayotumia iwe imesajiliwa kwa jina lako, si la kaka, si la mume, si la yule wakala wa mtaani aliyekusaidia miaka ile. Namba ya siri ya benki isiwe sawa na ya M-Pesa, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mtandao ukikatika ghafla kwenye simu yako wakati wenzako wa mtandao huohuo wanapata, usisubiri kesho, huenda mtu amerudisha laini yako kwenye kadi yake. Tafuta simu nyingine uipigie benki wafunge akaunti. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" uupeleke 15040 kisha uufute. Na hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji namba yako ya siri, hata akikutajia jina lako kamili na salio.

Hapo nimemtaja mume, na najua lipo swali mnaloniuliza kwa siri: nimwambie kuhusu akaunti? Wengine watanikasirikia, lakini nasema ninachoamini. Kama nyumba ina amani, mwambie, na mwe na akaunti ya pamoja ya mambo ya pamoja, yaani ada, kiwanja, kodi. Juu ya hiyo, kila mmoja awe na yake, na mwenzake ajue ipo bila kuwa na namba yake ya siri. Sijui ndoa iliyovunjwa na mke kuwa na akiba inayojulikana. Lakini kama unaishi na mtu anayekupokonya simu, anayekagua ujumbe wako, anayekupiga, hilo ni jambo jingine. Hapo akaunti yako ni nauli na kodi ya chumba siku ikibidi uondoke. Zima taarifa za ujumbe, tumia programu badala ya menyu inayoacha ujumbe kila ukiweka, na mtafute dada au shangazi mmoja wa kuaminika ajue mpango wako.

Nyinyi mlioko Muscat na Dubai mnaotuma kila mwezi: usitume ya matumizi ya mama na ya kiwanja chako kwenye laini moja ya mdogo wako. Anao upendo, lakini pia ana shida zake. Benki kubwa zina akaunti za Watanzania waishio nje, CRDB kwa mfano ina Tanzanite. Ifungue kwa jina lako, ya kiwanja iingie humo, na mama umtumie yake moja kwa moja.

La mwisho kabla hatujaachana. Akaunti hizi za simu hazina kitabu. Zamani mtu akifariki, watoto walikuta kitabu cha benki kabatini. Leo simu inafungwa kwa alama ya kidole na hakuna anayejua kulikuwa na milioni tatu mahali. Chukua karatasi, andika jina la benki, namba ya akaunti, jina la mfuko kama una vipande, namba ya kikoba na ya mwenyekiti wake. Namba za siri usiandike. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na umwambie mtu mmoja iko wapi. Msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama atakwenda nayo benki, na benki itamsikiliza. Kama benki yako ina sehemu ya kujaza jina la mtu wa karibu na uliiacha wazi siku ya kufungua akaunti, ijaze wiki hii.

Niandikieni mlichojibiwa benki, hasa yule wa Singida, nataka kujua walikuambia shilingi ngapi.